Maziwa Katika Mtungi wa Nabeul

Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, gazeti lililotandikwa chini ya mtungi lilikuwa limelowa. Jelimo aliuinua, akaupapasa kitako, hakuona ufa. Unyevu ulikuwa umeenea sawasawa kwenye udongo wote, na ulinuka maziwa.

Mchana huo mdogo wake, Roy, angetua kutoka Nairobi. Tangu Jelimo aanze kukagua hesabu za benki Johannesburg, miaka tisa sasa, hakuna ndugu aliyewahi kufika. Kwao Eldoret anayefika hupokewa kwa mursik, maziwa yaliyogandishwa katika kibuyu kilichosuguliwa mkaa ndani. Kibuyu chake kilipasuka zamani na hapa hakupata kingine. Ndipo mwezi uliopita, kazi ilipompeleka Tunisia, akaenda soko la Nabeul.

Siku ile vyombo vya udongo vilijaa hadi njiani. Wauzaji waligonga sahani za kijani na manjano kwa kifundo cha kidole ili mnunuzi asikie kama ni nzima. Watu walinunua wawili wawili, mke akichagua, mume akibishia bei. Jelimo alipita katikati yao bila kusemeshwa na mtu, hadi kwenye mitungi isiyopakwa rangi, yenye shingo nyembamba kama kibuyu cha mama yake. Muuzaji aliujaza mmoja maji, akasubiri, akapitisha kiganja ubavuni, akamwonyesha kilivyolowa. Alieleza kwa Kifaransa, lugha ambayo Jelimo hakuijua. Alidhani anaonyeshwa kwamba udongo hauchafui mkono. Akaitikia kwa kichwa, akalipa. Wiki hii ndipo aliusugua mkaa ndani, akautia maziwa yagande.

Sasa Emérite, Mrundi muuza vitenge aliyepanga chumba cha pili katika nyumba aliyoishi Jelimo, mtaa wa Rosettenville, alisimama mlangoni na mswaki mkononi.

“Eish, dada Jelimo. Maziwa umeyatia kwenye kichujio.”

“Ni mtungi.”

“Mtungi wa maji. Unatoka jasho ili maji yapoe. Hakukwambia aliyekuuzia?”

“Alinionyesha.”

Emérite alichungulia ndani. “Sasa huyo kaka yako atakunywa au atatafuna?”

Maji ya maziwa yalikuwa yamechujuka, yakabaki mabonge ya kijivu. Jelimo aliongeza maziwa mabichi, akaziba mdomo wa mtungi, akautikisa mpaka mikono ikamuuma. Alipojaribu kumimina, yalitiririka. Akaonja. Ladha ilikuwa ileile ya nyumbani. Akaufunga mtungi kwa taulo, akaenda nao uwanja wa ndege.

Roy alitoka na wenzake wanne wa kazini, wote wamevaa suti.

“Umenenepa, dada. Joburg inakulisha.”

“Kunywa kwanza, ndipo unitukane.”

Alimimina kikombe, akamnyooshea. Roy aliyatazama maziwa, kisha akawatazama wenzake, waliokuwa wamesimama wakimngoja.

“Si hapa. Tunakwenda moja kwa moja mkutanoni. Nitaingia na meno meusi?”

“Basi jioni, nyumbani.”

“Jioni wenyeji wetu wametuandalia chakula. Na kesho alfajiri tunaruka.”

“Onja mara moja tu, Roy.”

“Safari nyingine, dada. Kweli.”

Alimkumbatia kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeshika begi, akawafuata wenzake kwenye basi la hoteli. Jelimo alitoka nje akiwa na kikombe kilichojaa. Basi lilisimama kwenye robot, taa za barabarani. Taa ikawa kijani, likakata kulia.