Nusu ya Kumi na Sita

Mimi ni mtu wa bucha hapa Karurumo. Ukinitajia nusu, kisu changu kinajua pa kupita. Ndiyo maana Jumamosi ile, katika darasa letu la watu wazima kwenye ukumbi wa kanisa, nilichekelea moyoni Mwalimu Shamima alipoandika kumi na sita ubaoni, kisha akaibebesha nusu begani. Hiyo namba ndogo ya begani ndiyo kipeo. Nikajiambia, Mungu ana huruma, ameleta swali la bucha.

Na huruma niliihitaji. Usajili wa mtihani wa kidato cha nne ulikuwa unafungwa Ijumaa, na Shamima alikuwa ameshasema: asiyeelewa vipeo vya nusu na theluthi atangoja mwakani. Mimi kungoja nimeshiba. Chuo cha ukaguzi wa nyama kinataka alama ya hesabu, na miaka yote hii nyama yangu hupigwa muhuri na wengine, mimi nimewashikia ndoo.

"Baba Karimi, njoo ubaoni."

Shamima ana umri wa kitinda mimba wetu nyumbani, lakini akishika chaki hata fahali husimama wima. Nikaenda. Nikaandika nane, nikaipigia mstari kwa madaha.

Kathambi, fundi wa nguo anayeketi mbele kabisa, akaguna. "Huyu ameipasua katikati kama mbavu!"

"Nyamaza wewe, uliyemshonea pasta shati la mikono mitatu."

Darasa likaangua kicheko. Shamima hakucheka.

"Wiki jana tulikubaliana nini? Ukizidisha namba kwa yenyewe, vipeo vinafanywaje?"

"Vinajumlishwa, mwalimu."

"Basi zidisha hiyo kumi na sita ya kipeo nusu kwa yenyewe."

Nusu na nusu, moja. Kumi na sita ya kipeo moja, yaani kumi na sita yenyewe. Hapo bado nilikuwa mfalme.

"Sasa weka hiyo nane yako."

Nane mara nane. Sitini na nne.

"Woi!" Kathambi akapiga makofi. "Ameingiza ng'ombe mmoja kichinjioni, wametoka wanne!"

Nikafuta nane kwa kiganja. Nilitaka namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inarudisha kumi na sita, bila kuongeza hata mfupa. Nne. Nikaiandika, halafu mkono ukabaki hewani.

"Mwalimu, ngoja kwanza. Hii si ni skwea ruti?"

"Ndiyo yenyewe, mzizi wa pili."

"Ile yenye alama kama paa la kibanda?"

"Hiyo hiyo. Ukishakubali kwamba vipeo hujumlishwa, nusu haina pengine pa kwenda."

Nimepigwa na walimu, nikapigwa na ng'ombe, nikapigwa na maisha, kwa mpangilio huo. Lile paa ndilo lililoniletea vile vipigo vya kwanza. Kumbe chini yake palikuwa na nusu tu, imekaa kimya, ikinisubiri!

Shamima hakunipa nafasi ya kupumua. Akachora paa lingine, akaandika tatu ndogo mlangoni: mzizi wa tatu. Ndani akaweka nane ya kipeo mbili. "Ondoa paa. Ukikosea hii, tuonane mwakani."

Kathambi mwenyewe akafungua daftari.

Mzizi wa pili ulikuwa nusu, basi wa tatu ni theluthi. Kipeo kilichokuwa ndani ni mbili, kwa hiyo ni theluthi mbili. Nikaandika nane, begani mbili juu ya tatu. Nane nikaigawa vipande vitatu sawa, si vya kujumlisha, vya kuzidisha: mbili, mbili, mbili. Nikachukua viwili. Mbili mara mbili, nne.

"Hakikisha."

Nne mara nne mara nne, sitini na nne. Nane mara nane, sitini na nne.

"Ijumaa uje na kitambulisho," akasema Shamima.

Mtu mwenye akili angekimbia hapo hapo. Mimi nikauliza, "Na mbili ya kipeo nusu?"

"Jaribu."

Moja na nusu ikazidi. Moja nukta nne ikapungua kidogo. Moja nukta nne moja ikakaribia, bado ikapungua. Kila nilipoongeza tarakimu ilisogea, lakini haikufika.

"Inaisha wapi, mwalimu?"

"Haiishi. Lakini ukiizidisha kwa yenyewe unapata mbili kamili."

"Ngai, Mungu wangu!" nikasema. Haiishi, na bado inatimia. Sikuweza kuondoka pale.

"Baba Karimi," Kathambi akaita, sauti imeshuka, "keti basi. Mimi pia nataka kusajiliwa."

Nikampa chaki. Nikaketi kwenye kiti chake, mbele kabisa, nione vizuri.