Siku Niliyofupisha Hotuba

Mimi ndiye kiongozi wa mtaa wetu hapa Gisenyi, na hotuba zangu zinajulikana. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukishamaliza umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, watu huketi kwenye nyasi nami nazungumza mpaka kivuli kinawahama. Anayesinzia namtaja kwa jina.

Mwezi huu nilikuwa nimepania. Nilitaka kuusema mchezo wa simu unaokula vijana wetu. Binti yangu Gwiza akitoka kazini benki, anakula wima wima, kisha anajifungia chumbani kulinda ngome na wenzake watano wa mtaani. Ngome yenyewe imo kwenye simu. Ina farasi wa kulishwa kila jioni na kuta za kuzibwa. Farasi analishwa, mama hasalimiwi. Iliniuma, sifichi.

Basi siku ilipofika niliwapa hao sita mtaro mbaya kuliko yote, uliojaa mawe ya volkano. Makusudi kabisa.

Cedric, mmoja wao aliyekulia Goma, ng'ambo ya mpaka, hakukimbilia sururu. Aliutazama mtaro kwanza, akagawa kazi. Wenye nguvu wavunje mawe mbele, wengine wabebe nyuma, Gwiza azunguke na maji na kumpumzisha anayelegea. Hakuna aliyebishana. Binti yangu, ambaye kuosha sufuria namwita mpaka sauti inakauka, alikuwa akiamrisha na watu wanatii. Wazee walikuwa bado wameegemea majembe yao, mtaro wa vijana ukawa safi. Nikamuuliza Gwiza wamejifunzia wapi. Akacheka, akanionyesha simu.

Watu wakaketi. Nikasafisha koo. Cedric akanijia, kofia mkononi.

"Mama Gwiza, saa tano batu batashambulia ngome yetu. Tukikosa, tunaipoteza, na tuliijenga mwaka muzima. Tafazali, leo ongea kidogo."

Nilimtazama Gwiza. Hakuniomba kitu, alikuwa akijifuta matope vidoleni asije akachafua simu. Hotuba ilikuwa imenijaa kooni, tena tamu. Ilikuwa ianze na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nikautazama tena ule mtaro.

"Kazi imefanyika vizuri," nikasema. "Asanteni. Mkutano umefungwa."

Wazee walibaki wameketi, wakidhani navuta pumzi. Vijana walitimka, nami nikawafuata mpaka chumbani kwa Gwiza, nikakaa kitandani nyuma yake. Nilielewa kidogo sana, ila maadui walipojazana lango la kushoto niliwaona mimi kwanza, nikapiga kelele. Ngome ilisimama. Maharage yangu jikoni yaliungua yote.

"Mama," Gwiza akasema bila kugeuka, "kesho jioni utakuja kunisaidia kumlisha farasi?"

Nikamjibu nitakuja, ila anisalimie mimi kwanza.