Taarifa ya Siku Saba

Kazi yangu kiwandani ilikuwa kutafuta makosa ya wenzangu. Shati likitoka kwa mshonaji linapita mezani kwangu: uzi uliokatika, kola iliyopinda, kifungo kilichokaa upande. Miaka kumi na mmoja nilikodolea macho mishono ya watu. Kwa hiyo jicho la kushoto lilipoanza kuingia ukungu pembeni, niligundua mapema. Mume wangu alisema nimezoea kulalamika tu.

Zahanati wakasema ni presha ya macho, haina mchezo, inataka daktari bingwa. Na bingwa yuko mmoja hospitali nzima. Hakupangii tarehe. Unaandikwa jina, unakaa, siku mgonjwa mwingine akikosa unapigiwa simu: njoo kesho.

Mkataba wetu, kifungu cha kumi na nne, unatupa siku nzima yenye malipo ya kwenda kwa bingwa. Tuliposaini tulikipigia makofi kifungu hicho. Ila kinataka taarifa ya siku saba.

Simu ya kwanza ilipokuja nilikwenda kwa afisa utumishi. Kiwanda kizima kinamwita Bwana Kifungu, na mwenyewe anajua.

"Kesho? Mama, kesho si siku saba."

"Hospitali ndiyo inayopanga, bosi."

"Basi waambie wapange vizuri. Mimi sina la kufanya."

Si mtu mbaya. Alinipa kiti, akanipa pole, akaninyima ruhusa. Na kwenda bila ruhusa ni utoro. Barua moja ya onyo nilikuwa nayo, ya siku nilipochelewa kurudi kutoka msibani. Ya pili ingekuwa ya kunifukuza.

Simu ya pili, maneno yale yale.

"We nenda bwana!" shoga yangu wa meza ya vifungo akanifokea. "Sema unaharisha. Nani atakufuata kuhakikisha?"

Nilicheka, lakini sikwenda. Nilikuwa nimechoka, na uongo nao unataka nguvu. Mashati mabovu yalikuwa yameanza kunipita, yeye akiyachomoa kimya kimya kabla msimamizi hajayaona.

Simu ya tatu ilikuja baada ya miezi mitano. Sikuomba wala sikuaga. Bingwa alinipima macho yote mawili, kisha akauliza mbona niliitwa mara mbili sikuja. Nikamweleza habari ya siku saba. Akaacha kuandika.

"La kushoto halitarudi," alisema. "La kulia nalo limekwenda sana. Tutajitahidi."

Barua ya kunifukuza haikuja. Nilihamishiwa chumba cha kukunja, ambako vidole vinatosha. Miezi ikapita, hadi asubuhi moja nikasikia viatu vya Bwana Kifungu.

"Mama, nimepigana na wakubwa mpaka wamekubali. Kumi na nne kimebadilika. Sasa simu ya hospitali inatosha, hata ya jana yake. Nimetaka wewe uwe wa kwanza kusaini."

Sauti yake ilikuwa na furaha, maskini. Nilitaka kumkasirikia, nikaona hata hasira sina. Nikamwomba anisomee kifungu chote, akanisomea. Kilikuwa kizuri kweli. Akanipa kalamu, nikainama, nikaandika jina langu lote, taratibu, nisiharibu.

Akaitoa kalamu mkononi mwangu.

"Mama," akasema, "umesaini mezani."