Umempa Nani?

Kule Vidunda, ukitaka kumchokoza Ida, msifie mwanamke mwingine kwa muhogo. Atacheka, ila siku hiyo usitegemee kukaribishwa chakula. Muhogo wake ulikuwa mtamu, hauna nyuzi, na miti yake ilisimama mirefu yenye majani ya kupendeza. Watu walimwita Mama Mbegu. Kila msimu walipanda mlima kuja kwake wakashuka na mafungu ya pingili begani, naye aliwagawia bure. Hiyo ndiyo sadaka yake, alikuwa akisema, maana kuimba hajui.

Kwa hiyo Donati, bwana shamba wa kata, alipong'oa shina moja shambani mwake na kuupasua muhogo kwa kisu, Ida alifikiri kijana wa watu ana njaa. Ndani palijaa madoa ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo. Donati akang'oa la pili na la tatu. Yote yalikuwa hivyo hivyo.

"Mama, huu ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia," alisema kwa upole. "Mti juu unaweza kupendeza, kumbe chini umeoza. Inzi weupe wanauhamisha kutoka shamba hadi shamba. Ila ugonjwa ukitaka kwenda mbali, unasafiri kwenye pingili, mikononi mwa watu."

Msimu uliopita Ida aliona doa hapa na pale, akalikata, akailaumu mvua.

Walirudi nyumbani, Donati akakaa kwenye kigoda na kufungua daftari. "Miaka hii miwili, mbegu umempa nani na nani?"

Swali la namna hiyo Ida alishalisikia, na kwenye kigoda hicho hicho. Mwaka juzi alikaa hapo muuguzi, akamuuliza mumewe, Timotheo, aliyekuwa na kifua kikuu: umekaa na nani? Siku zile kila mtu aliogopa vyombo. Timotheo alitengewa kikombe chake, sahani yake na kijiko chake, halafu kwa ajili ya baridi ya mlimani wakafunga madirisha wakakaa naye humo humo ndani, wote wakivuta hewa moja. Madirisha aliyafungua muuguzi mwenyewe.

Timotheo aliwataja wote isipokuwa Gerald. Walikuwa wakiimba besi pamoja kwenye kwaya, bega kwa bega, mazoezini katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, mlango umefungwa. Gerald alikuwa amebakiza wiki tatu afunge ndoa, na Timotheo hakutaka kumtia doa. Alimficha kwa kumpenda. Gerald alikuja kugundulika baada ya miezi, anakohoa damu. Alipona, Mungu ni mwema, lakini pafu moja lilibaki bovu. Siku hizi anakaa benchi la nyuma, kitabu cha nyimbo mkononi, mdomo umefungwa.

Ida alianza kutaja. Ditram. Urbanus na kaka yake. Mke wa katekista. Akafika kwenye jina la Happyness, akasita.

Happyness ni bintiye wa pekee. Mwaka jana aliolewa Ruhembe na Kelvin, mkata miwa, akashuka na fungu la pingili lililofungwa ndani ya kanga mpya, kama akina mama wa pale wanavyowafungia mabinti zao. Mama mkwe, Anastazia, hakumtaka binti wa mlimani, na asiyejua hilo hakuwepo. Fungu lile ndilo lililomlainisha. Kumtaja Happyness ilikuwa kumpeleka bwana shamba kwenye mlango ule, na maisha yake yote mtoto angeitwa aliyeleta ugonjwa.

"Ni hao tu," alisema Ida.

Timotheo alikuwa mlangoni akipukuchua maharage. Hakuinua kichwa. "Gerald," akasema.

Donati akauliza Gerald yupi, na shamba lake liko wapi. Ida alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Andika Happyness, wa Ruhembe," alisema. "Ila nakuomba siku moja, baba, nitangulie mwenyewe."

Kesho yake Ida alishuka Ruhembe, akamkuta Anastazia uani, amezungukwa na pingili, anazifunga kwa kamba ya katani. Alikuwa anamtengenezea fungu la mbegu dada yake wa Chanzuru.

"Karibu, mkwe wangu! Kiti hiki hapa."

Ida hakukaa. "Mama Kelvin, usizifunge hizo. Mbegu yangu inaumwa. Nilidhani nimekuletea heshima, kumbe nimekuletea maradhi. Mtoto hana kosa. Kosa ni langu."

"Inaumwa vipi?" Anastazia alishangaa. "Mbona muhogo tunakula kila siku? Happy anauchimba mwenyewe, anaumenya mwenyewe, unakuja mezani mweupe pee."

Happyness alikuwa amesimama mlango wa jiko.

"Nilikuwa nakata palipooza," alisema. "Tangu mwezi wa tatu. Wangesema mbegu mbovu, mama, wangekuwa wanakusema wewe."

Ida aliumia mpaka akatafuta kile kiti.

"Na palipooza ulikuwa unapeleka wapi?" aliuliza Anastazia.

"Mara nyingine nilifukia. Siku muhogo ukiwa kidogo, nilikula mimi."

Anastazia aliiachia kamba. Alimtazama Happyness kana kwamba ndiyo kwanza anaingia nyumbani kwake, akaenda kumshika mkono, akamleta akamkalisha baina yao. "Mwanangu jamani," alisema. "Mwanangu."

Ida alisubiri mpaka binti yake akatulia. Kisha akamuuliza, kwa sauti ndogo kuliko ya muuguzi na ya bwana shamba, "Na wewe, mama, umempa nani?"

"Irine wa jirani," alisema Happyness. "Alipojifungua, nilimpelekea fungu la kumpongeza." Halafu akanyamaza, akaangalia chini.

Ida aliujua ukimya ule, na bila shaka Anastazia aliujua pia, maana ndiye aliyefunga kanga yake vizuri akasimama.

"Mtaje na huyo mwingine," alisema Anastazia. "Tunakwenda wote watatu."