Mwendo wa Saa Mbili na Nusu

Domnica alikuwa akimenya viazi vya Bi Ornella, kikongwe aliyeajiriwa kumtunza, ghorofa ya tatu, mjini Torino, simu ameiegemeza kwenye birika. Upande wa pili alikuwa mama yake, kwao Bacău, akikohoa.

"Mtoto wa jirani Pintilie juzi kaja," mama alisema. "Ndege saa mbili na nusu tu. Hata usingizi haujamwisha, kafika."

"Mama, kilomita elfu moja na mia tano si mchezo. Kuna foleni, kuna mizigo. Na Bi Ornella nimwachie nani?"

"Sikulaumu. Nasema tu. Nisije nikafa bila mshumaa."

Kwao, anayekata roho hushikishwa mshumaa unaowaka, na wa kumshikisha ni mtoto wake. Asiyeshikishwa huenda gizani. Domnica aliahidi kwenda baada ya Pasaka, kama alivyoahidi Pasaka iliyopita.

Alhamisi alifungua stoo ya jikoni kuchukua chumvi. Rafu hazikuwapo. Palikuwa na jiko la mama yake kule Bacău, supu ikichemka, na mama mwenyewe amejitanda shali.

"Ingia au funga," mama alisema. "Baridi hiyo."

"Nimefuata chumvi."

"Ipo kwenye mkebe wa bluu. Kaa kidogo, mwanangu."

"Bi Ornella hajanywa dawa. Nitakuja Jumapili, nikae vizuri."

Alinyoosha mkono, akachukua mkebe bila kuvuka kizingiti.

"Unaongea na nani?" Bi Ornella aliuliza kutoka chumbani.

"Mama yangu."

"Ala! Mwambie apunguze redio."

Jumapili Domnica alifua mapazia. Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani kumwombea mama yake afya. Umbali ulikuwa umemsaidia miaka mingi. Sasa ilimbidi atafute sababu nyingine, na sababu ya kushindwa hatua moja si rahisi kuipata. Akisikia kikohozi nyuma ya mlango, alifungulia maji ya bomba. Chumvi akawa ananunua dukani.

Mchana mmoja mlango wa stoo uligongwa kwa ndani.

"Domnica wee!" Alikuwa Pintilie, jirani wa mama. "Njoo, mama yako anaondoka!"

Domnica alikuwa akimlisha Bi Ornella. "Nakuja," alisema. Akamfuta bibi kidevu, akafuta meza, akavua aproni, akaikunja. Alipofungua, mama alikuwa ameshatulia. Mshumaa ulikuwa mkononi mwake, na vidole vya Pintilie vilikuwa juu ya vyake.

"Mimi ndiye niliyekuwa karibu," Pintilie alisema, kama anayeomba radhi.

Domnica alifunga mlango taratibu, akaenda kukata tiketi. Mtoto wa ughaibuni hutokea uwanja wa ndege, na sanduku; watu wangemwonaje akitokea stoo na kandambili? Alimwacha Bi Ornella kwa mpangaji wa chini, ambaye alikubali mara moja. Ndege ilichukua saa mbili na nusu.

Langoni kwa mama yake wanawake walimkumbatia wakilia. "Pole, dada. Umetoka mbali."

"Mbali sana," Domnica alijibu. Pintilie, aliyekuwa akimimina mvinyo, aliinamia chupa.

Baada ya maziko, watu wakila ngano iliyopikwa na sukari kumkumbuka marehemu, sauti ya Bi Ornella ilitoka nyuma ya mlango wa jikoni.

"Domnica! Chai yangu iko wapi?"

"Nakuja!" alisema, akavuka kizingiti papo hapo, sahani yake ikiwa bado mkononi.