Helikopta Juu ya Michembe

Mara mbili helikopta ndogo ya Enock ilikuwa imeangukia michembe ya mkewe, viazi vitamu alivyovikata na kuvianika juu ya jiwe nyuma ya nyumba yao, Kolandoto. Mke huyo, Paskazia, alishasema: ikiangukia humo tena, anaitia jikoni kama kuni, pamoja na rimoti yake.

"Baba Mageni, kidude chenyewe hakifiki hata ukubwa wa kuku. Kinakushindaje?"

"Kikinigeukia uso, kushoto kunakuwa kulia. Mkono unachanganyikiwa."

"Na ng'ombe wakikugeukia uso, huwa unafanyaje?"

Maneno yale yalimwingia Enock. Tangu ujana alikuwa mshika plau, na mshika plau hukaa nyuma ya maksai.

Akaipaisha. Upepo ukaigeuza, ikamtazama usoni, ikaanza kuelekea kwenye jiwe. Safari hii hakuhangaika kuigeuza kwa rimoti. Alitimua mbio akaizunguka mpaka akawa nyuma yake, macho juu, vidole kwenye rimoti, akipiga kelele kama yuko shambani: "Hee! Kushoto! Pole pole!" Helikopta ikatii, ikaenda kutua katikati ya uwanja bila hata kuyumba.

"Umeona, Mama Mageni?" alisema huku akihema.

"Nimeona. Hiyo imepona. Sasa nikutie wewe jikoni?"

Enock akatazama chini. Alikuwa amesimama katikati ya michembe, na mabuti yake ya shamba.

"Ulisema helikopta," akajitetea. "Mimi hukunitaja."

Paskazia alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akamletea kisu na beseni la viazi vibichi.