Kutu ya Upanga wa Anitha

Wamama wenzangu mnaopenda usafi, someni hii kabla hamjagusa kitu cha mtoto mlichokikuta mezani. Mimi niligusa.

Binti yangu Anitha ana miaka ishirini na sita, ni nesi, na anapenda panga za kijeshi za Kijapani. Wenzake wananunua mikoba. Mwanzoni nilimwombea. Baadaye nilizoea, hata akanifundisha kidogo. Nyingi kati ya panga hizo zilitengenezwa kiwandani kwa mashine wakati wa vita vya pili, ili kila ofisa apate cha kuning'iniza kiunoni. Ila wapo maofisa waliochukua upanga wa mababu zao, wa miaka mia tatu, mia nne, wakauvisha mpini na ala ya jeshi wakaenda nao vitani. Ukiangalia kwa nje zote ni sawa. Wanaokusanya wanatafuta hizo za mababu, na wengi hawajawahi kupata hata moja.

Mwezi wa tatu Anitha akarudi kutoka soko la mitumba la Skärholmen, huku ughaibuni tunakoishi, na upanga umeviringishwa kwenye blanketi.

"Mama, huu siyo wa kiwandani. Nahisi tu, lakini siyo."

Ili kujua unasukuma kijiti cha mwanzi kilichopita kwenye mpini, mpini unatoka, unabaki mkia wa chuma ambao kwa kawaida umefichwa humo ndani. Fundi aliyeufua upanga huwa anachonga jina lake kwenye huo mkia. Wa Anitha ulikuwa na kutu nyeusi, nene, hakuna herufi hata moja inayoonekana. Akaupiga picha, akaulaza juu ya taulo kwenye meza ya jikoni, akawahi zamu yake.

"Mamma, rör inte," aliniambia mlangoni. Usiguse. Watoto wetu wakiwa serious wanasema Kiswidi.

Nikasema sawa.

Mimi nasafisha maofisi kuanzia alfajiri, saa sita nipo nyumbani Tumba. Nikakaa na chai yangu, ile kutu inanitazama. Jumamosi Anitha alikuwa anaupeleka upanga ukakaguliwe kwa Mzee Ssemakula, Mganda anayekaa Spånga, aliyetengeneza vyuma vya kale kwenye makumbusho miaka thelathini. Nikawaza, watu watasema huyu mtoto wa Adelina kalelewa wapi, anabeba chuma kichafu hivi? Kwetu Muleba sufuria isiyong'aa ilikuwa aibu ya mama, siyo ya sufuria.

Nikachukua stilwaya na siki, nikaanza kusugua.

Nilisugua upande mmoja mpaka mabega yakauma. Kutu ikatoka kama masizi. Chini yake zikaanza kutokea herufi, moja juu ya nyingine, zimesimama wima kama watu kwenye foleni. Nikaacha. Mtu aliyekufa zamani sana alikuwa amekaa gizani humo, na mimi nimemfungulia mlango bila kupiga hodi.

Nikapaka mafuta ya kupikia, nikaurudisha mpini na kile kijiti kama nilivyomwona Anitha akifanya. Aliporudi nikamwambia nimeufunga usije ukamkata mtu. Akanibusu. Busu lile lilinichoma kuliko tusi.

Jumamosi nikaenda naye. Nilisema naogopa polisi watamsumbua na upanga kwenye treni, na kweli niliuzungushia kanga mbili juu ya blanketi. Tulipobadilisha treni Odenplan Anitha akanieleza jambo ambalo sikulijua.

"Mzee akisema ni wa kweli, nitauonyesha kwenye maonyesho ya chama chetu cha wanaokusanya panga. Mtu akileta jina la kughushi, Mama, hawamkaribishi tena. Kuna mzungu mmoja alileta, mpaka leo hakuna anayemsalimia."

"Jina la kughushi likoje?"

"Unachukua upanga wa kawaida, unachonga jina la fundi mkubwa. Ila chuma kipya kinang'aa. Kutu ya miaka mia tatu huwezi kuiigiza. Ndiyo maana mkia hausafishwi. Kutu ndiyo cheti chake."

Nikaangalia nje mpaka Spånga. Sikuona hata kituo kimoja.

Mzee Ssemakula alitupokea na kijana wa chama chao, Shafik, naye Mganda, mdomo hautulii.

"Anitha! Umeleta upanga ama kisu ya nyama choma?"

"Shafik, nyamaza," mzee akasema. "Karibu, Mama Anitha. Kiswahili yangu ni ya barabarani, unisamehe."

Mzee alinawa mikono, akaushika upanga kwa mikono miwili, akauinamia kichwa. Ndipo akauchomoa polepole chini ya taa.

Jamani. Mimi nimeona panga za kukatia migomba tangu nizaliwe. Huu ulikuwa kitu kingine. Ndani ya chuma kulikuwa na mistari kama ya mbao ya mvule iliyopigwa randa. Kando ya makali kulikuwa na weupe unaopanda na kushuka, kama povu la maziwa yanayokaribia kuchemka, nao ulienda hivyo mpaka nchani. Nikajikuta nimeziba mdomo na mkono.

"Hii iliingia kwa moto kabla babu ya babu yangu hajazaliwa," mzee alisema, sauti chini. "Fundi alikunja chuma, akapiga, akakunja tena. Mashine haiwezi."

Hata Shafik akasogea kuutazama.

Mzee akasukuma kijiti, akatoa mpini. Upande wa kwanza ulikuwa na kutu, mweusi kama nilivyouacha. Akageuza. Upande wa pili ukametameta.

Mzee akausogeza karibu na taa.

"Anitha," mzee akasema, "nani amechonga hii jina?"

"Jina gani? Mzee, sijagusa! Nina picha, ilikuwa kutu tupu!"

"Ndiyo hiyo," Shafik akadakia. "Wamekwangua kutu, wakachonga. Hata mafuta wamepaka kuficha. Dada, wamekudanganya, ama wewe ndiye unatudanganya?"

Mzee akaisukuma kando kalamu aliyokuwa ameiandaa kuandikia. Anitha alikuwa akitikisa kichwa, machozi yanamtoka, anaitazama ile meza kama imemtemea mate. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nasema ukweli, niliifikiria.

"Ni mimi," nikasema. "Nilisugua kwa stilwaya na siki. Herufi zilikuwepo chini ya kutu, sikuchonga chochote."

"Varför?" Anitha akauliza. Kwa nini? Nikamjibu kwamba ulikuwa mchafu.

Shafik akacheka bila kutaka. "Mzee, huyu mama ataandika Kijapani kweli?"

Mzee hakucheka. "Stilwaya ile ya sufuria? Haiingii ndani ya michoro ya herufi." Akalowesha pamba kwa spiriti, akafuta mafuta yangu yote, akavaa lenzi yake. Alikaa hapo muda wa kuchemsha ndizi. "Shafik, angalia. Ndani ya kila mchoro."

Shafik akaangalia. "Nyeusi," akasema. "Nyeusi kabisa."

"Kutu ya zamani imelala ndani ya jina. Basi jina ilikuwepo kabla ya kutu." Akamgeukia Anitha. "Mwanangu, upanga ni wa kweli. Chini ya jina kuna mwaka: una miaka mia tatu sabini na kitu. Ila wakubwa wa panga kule Japani wanaweza kuukataa sababu ya huu mng'ao. Mimi nitaandika tu niliyoona."

"Kutu itarudi, Mzee?" nikauliza.

"Itarudi. Miaka mia mbili. Wewe ngojea tu."

Akachukua karatasi. Akaandika fundi, mwaka, vita, soko la Skärholmen. Halafu akaniuliza jina langu kamili. Nikashtuka, nikamwomba aniache, nisije nikapelekwa polisi.

"Mama, kila aliyeibadilisha hii chuma anaandikwa. Tukificha mkono wako, yule Shafik mwingine wa kesho atasema tena ni uongo."

Nikaanza kukunja moja ya zile kanga. Anitha, ambaye hakuwa amenitazama tangu niseme, akajifuta pua kwa ncha ya kanga yangu, akamtajia mzee herufi moja moja: Adelina Kokugonza, wa Tumba, kwa stilwaya na siki.